Injini ya Dizeli Imekufa: Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kufunga Nyingine

Gari la porini linapofika gereji likivutwa kwa mnyororo, swali la kwanza la mwenye gari huwa ni bei ya injini nyingine. Ninalielewa swali hilo, kwa kuwa gari lililosimama halilipi ada ya shule wala marejesho ya mkopo, na tajiri wa dagaa anayesubiri mzigo wake mwaloni hasubiri kwa siku nyingi. Hata hivyo, katika magari mengi niliyoyafungua hapa Mwanza, injini haikufa yenyewe. Iliuawa na vumbi, maji, joto au dizeli chafu, na muuaji huyo alikuwa bado yumo garini siku injini ilipotolewa: kwenye mpira wa hewa uliochanika, kwenye rejeta iliyoziba, au kwenye tangi lenye tope. Anayefunga injini mpya bila kumtoa muuaji huyo anampelekea chakula kingine.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na picha ya Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, ambazo ndizo zinazobeba kazi nzito za mkoa huu na jirani zake, kuanzia Sengerema na Geita hadi Bunda na mipaka ya Serengeti. Injini hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 4,164, haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya mekanika, na kamishafti yake (shafti inayofungua vali) inazungushwa na mkanda wa taimingi. Mwenye Defender au Prado anaweza kufuata utaratibu huu huu, isipokuwa mahali nitakapotahadharisha kuhusu mifumo ya kisasa ya dizeli.

Stata inagonga, injini haizunguki

Hii ndiyo dalili inayoharakisha hukumu ya kifo, na ndiyo yenye visababishi vingi visivyohusu injini kabisa. Anza na betri na nyaya zake, kisha waya wa hasi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi, kwa sababu waya huo ukioza stata hukosa nguvu hata kama betri ni mpya. Baada ya hapo, ondoa mikanda ya mbele ili alternita au kompresa ya AC iliyojam isikudanganye, weka gia huru, na ujaribu kuzungusha injini kwa mkono kwa kutumia spana kwenye boliti ya puli ya krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Ikigoma, fungua plagi za hita zote sita kisha ujaribu tena polepole. Ikizunguka sasa na maji yakaruka kwenye matundu, umepata jibu: maji yaliingia ndani ya silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, pistoni ilikwama njiani. Simama pembeni wakati wa kufanya hivyo, wala usiinamishe uso juu ya matundu. Kisha yaangalie maji yenyewe. Maji yenye rangi na harufu ya kuleni yametoka ndani ya mfumo wa kupoza, maana yake hedi au gasketi ina kasoro. Maji yenye mchanga na majani yaliingia kupitia njia ya hewa, na mara nyingi dereva atakiri kwamba alirudi nyuma hadi ziwani kupakia, au alivuka mto uliojaa bila kushuka kupima kina.

Injini inapozunguka tena baada ya maji kutoka, wengi hushangilia na kuiwasha. Naomba wasifanye hivyo mapema. Ikiwa maji yaliingia wakati injini iko kwenye mwendo, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti) moja au mbili zinaweza kuwa zimepinda kidogo, na konrodi iliyopinda hukaa hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kukatika na kutoboa bloku. Pima kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini kwa zaidi ya bar 5 ikilinganishwa na nyenzake, fungua hedi upime urefu wa pistoni zote zikiwa juu kabisa. Pistoni inayokaa chini kuliko nyingine ina konrodi iliyopinda. Hapo hakuna haja ya injini nzima: konrodi, beringi na gasketi zinatosha, endapo ukuta wa silinda haujachubuka.

Kipimo cha kompresheni kiwe cha dizeli. Kile cha injini za petroli kitapasuka mkononi, kwa kuwa dizeli nzima hutoa kompresheni ya bar 30 na zaidi.

Inazunguka vizuri, haiwaki

Kwenye pampu ya 1HZ kuna solenoidi inayofungua na kufunga njia ya dizeli. Washa swichi, gusanisha na utenganishe waya wake, na usikilize mlio mdogo wa "tik". Kama haulii, tafuta umeme kabla ya kutafuta jambo lingine. Ukilia, piga pampu ya mkono iliyo kwenye filta ya dizeli hadi iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, mfumo unavuta hewa mahali fulani, aghalabu kwenye mpira mkavu karibu na tangi, ambao hauvujishi dizeli nje lakini unanyonya hewa ndani.

Fungua bomba la chini la filta na umwage yaliyomo kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo safi. Yaache dakika kumi. Dizeli iliyonunuliwa kwa madumu visiwani au kwenye vijiji vilivyo mbali na vituo mara nyingi itajitenga mbele ya macho yako: njano juu, maji chini, na katikati utando mweusi kama kamasi. Utando huo ni ukungu na vijidudu vinavyoishi mahali maji na dizeli vinapokutana. Huziba filta mpya ndani ya siku chache, na maji yake hula pampu na nozeli. Ukikuta hali hiyo, tangi lishushwe na kuoshwa. Kubadilisha filta peke yake ni kuahirisha tatizo.

Mkanda wa taimingi uangaliwe pia. Fungua kifuniko cha oili, mwambie msaidizi apige stata, na uangalie kama kamishafti inazunguka. Ikiwa imetulia tuli huku krankishafti inazunguka, mkanda umekatika, na kwenye 1HZ vali zitakuwa zimegonga pistoni. Usiendelee kupiga stata. Hedi itatoka, vali zitabadilishwa, na mara nyingi sehemu ya chini ya injini itakutwa salama. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari linaloshinda vumbini mimi nashauri usingoje hadi hapo.

Moshi, kupumua, na kula oili

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kabla ya kulaumu pampu, kumbuka kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa liko chini kwa asilimia 12 hivi kuliko Dar es Salaam, hivyo gari lililorekebishwa pwani likitoa moshi kidogo zaidi kwenye mlima wa Bugando si ajabu. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya nozeli, taimingi au kompresheni ndogo. Mweupe wenye harufu ya kuleni ni maji. Moshi wa bluu ni oili.

Injini inayotoa moshi wa bluu na kupumua ndiyo ninayotaka tuiangalie kwa karibu. Injini ikiwa kwenye sileni, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, na ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kutikisika kidogo ni kawaida. Kikirushwa au kucheza kama mfuniko wa sufuria ya ugali, huku moshi ukisukumwa kwa mapigo, basi ringi na kuta za silinda zimelika, na hewa ya mlipuko inapita kushuka kwenye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini.

Sasa swali linalopaswa kuulizwa ni nini kilichozila. Injini ya 1HZ inayotunzwa hufanya kazi kwa laki kadhaa za kilomita. Ikiwa imelika kabla ya wakati wake, mtuhumiwa wa kwanza ni vumbi, na kipimo chake ni kitambaa cheupe kilicho safi. Fungua bomba la hewa lililo kati ya nyumba ya filta na manifoldi ya kuingizia, funga kitambaa kwenye kidole, na ufute ndani hadi unapofika. Utando mwembamba wa oili ni wa kawaida, kwa kuwa bomba la kupumulia injini hurudisha mvuke wake huko. Lakini saga kilichotoka kati ya vidole viwili. Kikikwaruza, ni mchanga uliopita filta, na kila chembe uliyoigusa ina wenzake waliokwisha kupita kwenye ringi.

Nakumbuka Land Cruiser ya mzee mmoja anayesomba dagaa kutoka mialo ya upande wa Sengerema. Ilikuja ikitoa moshi wa bluu mzito, miezi minane tu baada ya kufungwa injini kwenye gereji nyingine.

"Fundi, nimeuziwa injini mbovu," alisema. "Ya kwanza ilikufa hivi hivi, na hii nayo ni hivi hivi."

"Pole sana, mzee wangu. Kabla hatujamlaumu muuzaji, niruhusu nifute hapa."

Kitambaa kilitoka na rangi ya tofali. Tulifungua vipande kimoja kimoja kuanzia juu ya snokeli (bomba refu la nje linalovuta hewa kutoka juu), na kwenye mpira unaounganisha snokeli na nyumba ya filta hatukuona kitu. Nilipoutoa kabisa na kuukunja kwa mikono miwili, upande wa chini, chini kabisa ya kibanio, ulifunguka mdomo wenye urefu wa kidole gumba. Ukiachia, mdomo unafunga na mpira unaonekana mzima. Hapo ndipo hewa yenye vumbi ilipoingia, na nyumba ya filta yenyewe ilikuwa imepinda ukingo, kwa hiyo filta haikukaa sawa na vumbi likapata njia ya kupita pembeni yake. Mzee aliukunja mpira ule mwenyewe mara tatu nne, kisha akaketi juu ya tairi.

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa nzima?"

"Zote mbili ziliingia nzima, mzee."

Tangu siku hiyo, gari lolote linaloletwa kwangu kubadilishwa injini hukaguliwa njia ya hewa yote, kuanzia kofia ya snokeli hadi manifoldi, kabla boliti yoyote ya injini haijalegezwa. Mipira yote hukunjwa kwa mkono, ukingo wa nyumba ya filta huwekewa rula, na filta yenyewe huangaliwa kwa tochi kutoka ndani. Filta inayopulizwa kwa upepo mkali wa kompresa kila Jumamosi hutoboka matundu yasiyoonekana kwa haraka, na ni heri filta yenye vumbi kwa nje kuliko iliyotoboka kwa usafi.

Kunoki

Mlio wa chuma unaotoka chini ya injini na kuongezeka unapokanyaga mafuta unaweza kuwa beringi za konrodi, lakini nozeli mbovu hutoa mlio unaofanana nao sana. Kwa injini yenye pampu ya mekanika, legeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye sileni, hadi upate silinda ambayo mlio hupungua. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa hata konrodi iliyolegea hunyamaza silinda yake ikinyimwa dizeli. Hamisha nozeli ya silinda hiyo kwenda silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, tatizo ni nozeli, na umeokoa injini. Usibane tena nozeli hizo kwa washa za zamani.

Tahadhari: injini zenye reli moja ya dizeli, kama 1KD za Prado na Hilux, zisilegezwe bomba lolote zikiwa zinaunguruma. Shinikizo lake hupita bar 1,000, na mchirizi huo hupenya ngozi ya mkono.

Kwa injini inayonoki kweli, kata filta ya oili kwa msumeno, nyoosha karatasi yake juani na uitazame. Vipande vyenye kung'aa rangi ya shaba na fedha ni beringi. Pima pia presha ya oili kwa geji ya mekanika iliyofungwa mahali pa swichi ya oili. Injini nyingi za dizeli za Toyota zinapaswa kutoa walau bar 0.3 kwenye sileni ikiwa moto, na kati ya bar 2.5 na 6 kwenye mizunguko 3,000. Injini za turbo za 1HD-T za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa beringi za konrodi kuchoka mapema, hivyo anayenunua moja ya hizo abadilishe beringi kabla ya kuifunga.

Kuchemsha, na oili kuchanganyika na maji

Katika mwinuko wetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima huongeza shinikizo hadi maji yasichemke mpaka nyuzi 115 na zaidi. Kifuniko kilichochoka, kitu kidogo cha bei ndogo, kinaweza kuichemsha injini isiyo na kosa, na dereva anayeendelea na safari kwa kuongeza maji ya ziwa kwa kopo hufika gereji na hedi iliyopasuka.

Rejeta iangaliwe kwa nje na kwa ndani. Kwa nje, ondoa kondensa ya AC au angalau ingiza tochi katikati: utakuta mbegu za nyasi, udongo mweusi wa mbugani uliokauka, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, waliogandamana na vumbi hadi wakawa kama saruji. Osha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila presha kubwa inayolaza mapezi. Kwa ndani, chokaa na kutu huwapata wale wanaotumia maji matupu badala ya kuleni. Gusa rejeta ikiwa moto, na sehemu iliyo baridi ndiyo iliyoziba. Feni yenye viskasi (kiungo chenye mafuta mazito kinachoishika feni joto likipanda) ijaribiwe injini ikiwa moto na imezimwa: ikizunguka huru kama pangaboi, haifanyi kazi. Thamostati ichemshwe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Joto la kufunguka limegongwa juu yake, na nyuzi 96 zetu zinatosha kuijaribu.

Ukikuta oili na maji vimechanganyika na kuwa kama maziwa ya kahawa, usihukumu hedi peke yake. Injini ya 1HZ ina kipoza oili kinachokaa ndani ya njia ya maji, nacho kikitoboka, oili yenye presha kubwa huingia kwenye maji injini ikiwa inaunguruma, na baada ya kuzima maji yenye joto hurudi kuelekea kwenye oili. Kwa gari la otomatiki, kipoza cha oili ya gia boksi kilicho ndani ya rejeta ni mtuhumiwa mwingine. Pima vipoza hivi kwa upepo ndani ya beseni la maji. Nimeona hedi nzima zikipelekwa kusagwa kwa kosa la kipoza.

Kuchagua injini

Baada ya vipimo hivyo, ikiwa bloku imetoboka, krankishafti imeungua, au silinda zimelika kupita kiasi cha kuchongwa, injini nyingine ni haki yake. Injini ya mtumba ya 1HZ huweza kuwa imetoka kwenye Land Cruiser au kwenye basi dogo la Coaster, na ingawa jina ni moja, sampu, bomba la kufyonza oili na mabano ya mauntingi (mipira inayoshikilia injini kwenye chasisi) hutofautiana. Sampu isiyo yake itagonga ekseli ya mbele kwenye shimo la kwanza. Kwa hiyo usiuze wala kutupa injini ya zamani kabla mpya haijaunguruma, kwa sababu utaihitaji kwa vipande.

Uliza pia umeme wake. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani zilikuwa za volti 24, na injini yake huja na stata, plagi za hita na solenoidi za volti hizo. Ukizifunga kwenye gari la volti 12, stata itazunguka kwa uvivu na plagi hazitapata joto, na utaanza kuilaumu kompresheni.

Iangalie ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika amekunyima kipimo cha kwanza. Fungua kifuniko cha vali uone kama oili imekuwa lami, ingiza kidole kwenye mlango wa maji utafute kutu, shusha sampu, na ufute manifoldi kwa kitambaa kile kile cheupe. Namba iliyogongwa kwenye bloku isomeke wazi bila alama ya kusagwa, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na badiliko hilo linapaswa kufikishwa TRA. Chukua risiti yenye namba hiyo siku hiyo hiyo.

Kutoa na kufunga

Kazi ya kutoa yenyewe haina siri nyingi. Winchi ya mnyororo ya tani 1 ining'inie kwenye boriti ya chuma, si kwenye tawi la mwembe, kwa kuwa injini hii ina zaidi ya kilo 300. Piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kuvitenganisha, na uvifunge vitambulisho vya karatasi na selotepu. Injini ikiwa nje, badilisha vitu ambavyo baadaye vitakulazimisha uitoe tena: sili ya nyuma ya krankishafti, diski ya klachi, releasi beringi na ile beringi ndogo ya mwisho wa krankishafti. Mkanda wa taimingi, tensheni yake, pampu ya maji na thamostati viwe vipya, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni vizima.

Pini za kulenganisha kati ya injini na gia boksi zihesabiwe. Mara nyingi hubaki kwenye injini ya zamani, na fundi mwenye haraka hufunga bila hizo kwa kuwa boliti zinaingia vizuri.

Matatizo baada ya kufunga

Kabla ya kuiwasha, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli na upige stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Ndipo urudishe waya na kuipampu dizeli.

Stata ikizunguka taratibu, weka mita kati ya ncha hasi ya betri na bloku yenyewe wakati msaidizi anapiga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa hasi haujafungwa au umefungwa juu ya rangi.

Ikizunguka bila kuwaka, au ikiwaka kisha ikakosa nguvu, angalia boliti mbili za mabomba kwenye pampu. Ya kurudishia ina tundu dogo sana ndani na imeandikwa OUT kichwani. Zikibadilishana nafasi, pampu haipati presha yake ya ndani. Kosa hili limewahi kunichukua siku nzima, na tangu hapo naifunga boliti hiyo kwa waya mwekundu mara tu inapotoka.

Taa ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima. Ikiwa ulihamisha sampu na bomba la kufyonza, gasketi ya bomba hilo haijakaa na pampu inanyonya hewa. Ikiwa ni geji tu inayosoma vibaya, huenda sensa iliyokuja na injini ni ya taa na gari lako linatumia ya geji. Hamisha ya zamani. Ndivyo ilivyo pia kwa sensa ya joto.

Ikichemsha katika saa ya kwanza, kwa kawaida ni hewa iliyonaswa. Pandisha gari pua ikiwa juu, fungua hita ya ndani ya gari, jaza polepole na uiache iungurume bila kifuniko hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Thamostati yenye kitundu cha kupumulia ifungwe kitundu hicho kikiwa juu. Feni iliyogeuzwa pia huzunguka na hupuliza, lakini hupuliza kidogo mno.

Klachi isipoachia na gia zikakataa kuingia, diski inaweza kuwa imegeuzwa, au beringi ndogo ya krankishafti haikuwekwa. Mtetemo usiokuwapo mwanzo hutokana na pini zilizosahaulika, au mauntingi zilizokazwa kabla injini haijakaa. Zilegeze, washa injini, iache itulie yenyewe, kisha ukaze. Pedali ya breki ikiwa ngumu kama jiwe, usitoke nje ya geti: bomba la vakyumu halijaunganishwa, au pampu yake, ambayo kwa baadhi ya injini iko nyuma ya alternita, haipati oili.

Moshi mweupe na mlio mkali kwa pamoja ni taimingi. Fungua kasha la mkanda, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, na uangalie alama zote tena. Jino moja linatosha kuleta hali hiyo.

Safari ya majaribio naifanya kuelekea Usagara, kisha Kigongo, na kuvuka daraja la J.P. Magufuli hadi Busisi na kurudi. Daraja hilo la zaidi ya kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, huniwezesha kusikiliza injini kwenye mwendo wa kutulia bila mashimo. Gari lisibebeshwe mzigo kwenye kilomita 1,000 za mwanzo. Zikitimia, mwaga oili, kata filta uitazame juani, kaza mauntingi na vibanio vya mipira, na ufungue bomba la hewa ulifute kwa kitambaa cheupe.